Kuhakiki albamu ya pili ya bendi ya roki ukiwa Kigoma

Albamu ya kwanza ya bendi husikilizwa yenyewe kama yenyewe. Ya pili haipati bahati hiyo, kwa sababu kila anayeisikiliza ameacha sikio moja kwenye ile ya kwanza. Kwa bendi ndogo za roki za kujitegemea, zile zinazoitwa indie, mtihani ni mgumu zaidi. Nyimbo za mwanzo kwa kawaida zimeiva miaka kadhaa kwenye kumbi ndogo, halafu za pili zinadaiwa haraka, huku bendi ikiwa barabarani ikizunguka na maonyesho. Arctic Monkeys walitoa albamu ya kwanza Januari 2006 na ya pili Aprili 2007. The Stone Roses walifanya kinyume: ya kwanza 1989, ya pili Desemba 1994. Wote wawili walipimwa kwa muda waliotumia kabla hata wimbo mmoja haujachambuliwa.

Mwongozo huu ni wa anayeandika au kutangaza muziki akiwa Mwanga, Gungu au Ujiji, na anayetaka uhakiki wake utokane na masikio yake mwenyewe. Kutafsiri walichosema wahakiki wa London na New York ni kazi ya nusu saa, na msomaji huigundua upesi.

Anza na karatasi

Kabla ya kubonyeza chochote, kunja karatasi katikati. Kushoto andika albamu ya kwanza, kulia ya pili. Jaza mwezi na mwaka wa kutoka, idadi ya nyimbo, jumla ya dakika, prodyuza, lebo, na nani ameingia au ametoka kwenye bendi. Hii haichukui zaidi ya dakika kumi na tano, na mara nyingi ndiyo inayookoa hukumu yako.

Chukua The Strokes, bendi ya New York. "Is This It" ya 2001 ina nyimbo 11 kwa takriban dakika 36. "Room on Fire" ya Oktoba 2003 ina nyimbo 11 kwa takriban dakika 33. Prodyuza wa zote mbili ni Gordon Raphael. Lawama kubwa iliyoipata ile ya pili ilikuwa kwamba wamejirudia, na kwa kuisikiliza tu utakubali. Lakini walikuwa wameanza kuirekodi na Nigel Godrich, prodyuza aliyejulikana kwa kazi zake na bendi ya Radiohead, wakaachana naye na kumrudia Raphael. Maana yake walijaribu mkono mwingine, wakauacha. Anayeandika "wameishiwa" na anayeandika "wamechagua kubaki palepale" wamesikia magitaa yaleyale, ila mmoja tu ndiye aliyejaza karatasi.

Sauti unayoisikia ni ya nani?

Makosa mengi ya uhakiki yanazaliwa kwenye simu. Faili la kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 2.4 kwa dakika, hivyo albamu ya dakika 37 ni karibu MB 89. Ukiiacha programu ikuchagulie ubora wa chini, tuseme kilobiti 96, utatumia kama MB 27 tu, lakini cha kwanza kufa ni sauti za juu: matoazi yanalia kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, na pumzi ya mwimbaji inapotea. Kisha unaandika kwamba prodyuza kaharibu, kumbe ni bando. Weka ubora wa juu kwenye mipangilio, pakua albamu zote mbili mara moja usiku bando likiwa rahisi, halafu zima data na usikilize kutoka kwenye simu. Faili lililopita mikono kumi ya WhatsApp usilihakiki kabisa, maana hujui limebanwa mara ngapi.

Sikiliza kwanza kwa spika za masikioni za waya, za kawaida tu, ila zote mbili zifanye kazi. Bendi nyingi za roki huweka gitaa moja kulia na jingine kushoto, kwa hiyo upande mmoja ukiwa umekufa unahakiki nusu ya bendi. Sabufa iache kwa mwisho. Sabufa za mtaani huvimbisha besi na kulimeza gitaa la juu, na roki ya aina hii inaishi kwenye gitaa la juu. Hata hivyo usiiruke, kwani msomaji wako ataisikilizia huko huko, kwenye kinyozi au baa, na ana haki ya kuambiwa kama itasikika.

Kuna mtego mwingine ambao hata wakongwe huanguka. Albamu mbili za bendi moja hazikutengenezwa kwa kiwango kimoja cha sauti, na sikio la binadamu hupenda kilicho juu zaidi. Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu kama kipo. Kama hakipo, cheza wimbo mmoja wa kila albamu na urekebishe kwa mkono mpaka sauti ya mwimbaji ilingane. Zima na ekwalaiza, kile kipengele cha kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu.

Mara tano, siku nne

Mara ya kwanza sikiliza mwanzo hadi mwisho bila kalamu. Mara ya pili shika kalamu, na kila wimbo upate mstari mmoja wenye muda, chombo na tukio: "2:10, drams zinaacha, gitaa la ridhimu linabaki peke yake na sauti." Ukijikuta umeandika "kali sana", futa, rudi nyuma sekunde thelathini, tafuta ni nini kilichokuwa kikali. Mara ya tatu cheza albamu ya kwanza yote, kisha ya pili bila kupumzika. Hapa ndipo tofauti hujitokeza zenyewe. Mara ya nne isikilize ukiwa na shughuli, unafua au unateremka Kibirizi, halafu jioni andika ni wimbo gani umejirudia kichwani bila kuuita. Mara ya tano ni kwa nyimbo ambazo bado unabishana nazo tu.

Wengine hutoa uhakiki siku ileile albamu inapotoka. Ukubali kuchelewa. Hakuna mtu Kigoma anayesubiri saa sita usiku kujua bendi ya Brooklyn imefanya nini.

Namba za wenzako

Uhakiki wa wengine usome baada ya mara ya tatu, si kabla. Utakutana na namba nyingi, hivyo jua zinavyofanya kazi. Pitchfork, tovuti ya Marekani ya uhakiki wa muziki, hutoa alama kutoka 0.0 hadi 10.0. Metacritic haihakiki chochote: hukusanya alama za magazeti na tovuti, huzigeuza ziwe kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani ambao baadhi ya vyombo vina uzito zaidi kuliko vingine, na uzito huo hawautangazi. Huhitaji angalau hakiki nne ndipo itoe alama. Kwa muziki, 61 hadi 80 huhesabiwa kuwa mapokezi mazuri, na 40 hadi 60 ni mchanganyiko.

Hapo kwenye mchanganyiko pana hila. Alama 60 inaweza kumaanisha wote wameiona ya kawaida, au nusu wameipenda mno na nusu wameichukia. Bendi ya MGMT walipotoa albamu yao ya pili, "Congratulations", mwaka 2010, waliokuwa wakingoja nyimbo za kuchezeka kama "Kids" ya albamu ya kwanza walikuta albamu ya nyimbo tisa ambayo mmoja wake unakwenda dakika kumi na mbili. Waliokereka na waliofurahi walikuwa wanazungumzia kitu kilekile. Fungua hakiki tatu: ya juu kabisa, ya chini kabisa na moja ya katikati. Andika kila mmoja alitarajia nini. Mara nyingi ugomvi uko kwenye matarajio, muziki umekaa pembeni.

Mfano wa kufanyia mazoezi: Vampire Weekend

Kwa mtu wa Kigoma, hakuna albamu ya pili nzuri ya kujifunzia kama "Contra" ya Januari 2010. Sababu iko ng'ambo ya ziwa.

Albamu yao ya kwanza, ya Januari 2008, ilikuwa na wimbo "Cape Cod Kwassa Kwassa". Vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiita wimbo wao kwa jina la mtindo wa Kongo. Gitaa lake ni safi, la juu, halina mkwaruzo. Wahakiki wengi wa Marekani walipolisikia walikimbilia "Graceland" ya Paul Simon, ya mwaka 1986. Walikuwa na kisingizio, kwani bendi yenyewe iliwahi kuuita muziki wake kwa utani "Upper West Side Soweto", yaani mtaa wa New York umeunganishwa na Soweto ya Johannesburg. Lakini "Graceland" ilijengwa na wanamuziki wa Afrika Kusini, akina Ray Phiri kwenye gitaa, na gitaa la Johannesburg si gitaa la Kinshasa. Aliyekulia mahali ambapo redio ikizungushwa kidogo inashika ng'ambo, na ambapo baa ikikosa Bongo Fleva inapiga Kikongo, hahitaji kamusi kulijua hilo. Hapo una jambo la kumwambia msomaji ambalo mhakiki wa New York hakuwa nalo.

Liseme kwa ushahidi lakini. Cheza wimbo huo, kisha cheza wimbo wowote wa Kanda Bongo Man, aliyeieneza kwasa kwasa miaka ya 1980. Angalia wimbo unapofika mahali pa kufunguka. Kwa Wakongo, mashairi yanakwisha, sebene inaingia, solo inashika usukani na wachezaji wanasimama. Kwa Vampire Weekend mlango huo haufunguki: beti, kiitikio, na wimbo unakwisha kabla ya dakika nne. Wamechukua rangi ya gitaa, wakaacha safari yake. Kama hilo ni kosa au ni uamuzi wa busara, ni hukumu yako. Kwangu ni busara, maana sebene ya kuigiza inachosha.

Sasa hamia "Contra". Nyimbo 10, takriban dakika 37, prodyuza ni yuleyule Rostam Batmanglij ambaye pia ni mmoja wa bendi. Iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani. Pitchfork waliipa 8.6, baada ya kuipa ya kwanza 8.8. Ukiishia hapo utaandika kwamba hakuna kilichobadilika, na utakuwa umekosea. Vinanda na midundo ya kompyuta vimesogea mbele, na magitaa yamepunguziwa nafasi isipokuwa kwenye nyimbo kama "Cousins", ambao unakimbia kama anayewahi treni. "Diplomat's Son" unafika dakika sita na umebeba kipande cha sauti ya mwimbaji wa Uingereza M.I.A. Kwenye "California English" sauti ya mwimbaji wao Ezra Koenig imepitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji. Kwa wasikilizaji wa indie wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kusemwa. Kwa sikio lililolelewa na Bongo Fleva ni kama chumvi kwenye mboga. Andika yote mawili: kwamba wao walishtuka, na kwamba hapa hakuna atakayeshtuka.

Mpaka mmoja usiuvuke. Kufanana si kuazima. Gitaa likikukumbusha bendi zetu za zamani kama Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, sema limekukumbusha, na umtajie msomaji ni sekunde ya ngapi. Usiandike kwamba bendi iliwasikiliza hao kama wenyewe hawajasema popote.

Kuandika

Maneno 450 hadi 600 yanatosha. Kwa redio shika 350, yanayosomeka kwa dakika tatu hivi, ukiacha nafasi ya vipande viwili vya muziki vya sekunde ishirini. Aya ya kwanza ibebe hukumu yako na sababu moja. Historia ya bendi ipate sentensi mbili tu. Kisha shughulikia nyimbo tatu au nne kwa kina. Anayepitia wimbo mmoja mmoja hadi wa kumi anasoma orodha ya mahudhurio.

Kwa lugha, tumia ya wapiga muziki wetu: solo, ridhimu, besi, drams, kiitikio, beti. Majina ya nyimbo yaache yalivyo. Mashairi usiyanukuu zaidi ya mstari mmoja, na ukiutafsiri tafsiri maana. Epuka "wamekomaa". Neno hilo hutumika bendi inapopunguza kasi, na mara nyingi huficha kwamba mwandishi amechoka kusikiliza.

Linganisho na albamu ya kwanza liwe theluthi moja ya uhakiki, lisizidi. Likizidi, msomaji ambaye hajaisikia ya kwanza, na hapa ndio wengi, anabaki nje ya mlango.

Hifadhi karatasi yako. "Pinkerton", albamu ya pili ya Weezer, ilitoka 1996 na wasomaji wa jarida la Rolling Stone wakaipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbaya za mwaka huo. Mwaka 2004 jarida hilohilo liliipa nyota tano. Rudi kwenye albamu baada ya miezi kumi na miwili, isikilize mara moja, na ukiona umebadili mawazo ongeza aya yenye tarehe chini ya uhakiki wa zamani bila kuufuta.

Kabla ya kutuma, kagua mambo matatu kwa mkono: herufi za majina ya wanabendi, mwaka wa kila albamu, na kila dakika uliyoitaja, ukiicheza tena kwenye simu. Ukiandika 2:10 na gitaa likaingia 2:40, msomaji ataona, na ataacha kukuamini kwenye yale mengine pia.