Jinsi ya kutumia "although" na "despite" katika Kiingereza cha kuandika

Kazi yangu ni kusahihisha Kiingereza cha watu wanaowaandikia wageni: maelezo ya vyumba vya Mji Mkongwe, Zanzibar, vipeperushi vya safari za mashamba ya viungo, barua za kuomba kazi hotelini Nungwi na Kiwengwa. Kinachonichosha kalamu si tahajia. Ni pale mtu anapotaka kusema "ingawa" au "licha ya". Maneno anayajua, sentensi ndiyo inayokwenda kombo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Hakikisha mambo mawili yanapingana kweli

Jiulize: msomaji akisikia jambo la kwanza, atatarajia nini? Ukimwambia Jozani ni msitu mdogo, atadhani hauna mnyama wa maana. Kumbe mna kima punju, ambaye porini hapatikani kwengine duniani isipokuwa visiwa hivi. Hapo "although" ina kazi. Lakini tazama hii:

"Although the guide comes from Makunduchi, he speaks good English."

Sarufi haina kasoro, ila umeshawatukana Wamakunduchi wote. "Although" husema kwamba jambo la pili halikutarajiwa, hata kama wewe hukukusudia hivyo.

Hatua ya 2: Angalia kinachofuata

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usipite mbio.

"Although", "though" na "even though" hufuatwa na kishazi, yaani kiima pamoja na kitenzi chake:

"Although the sea was rough, the boat to Pemba left on time."

"Despite" na "in spite of" hufuatwa na nomino, au kitenzi chenye "-ing":

"Despite the rough sea, the boat to Pemba left on time."

Tazama kilichobadilika. "Was" imeondoka, na "rough" imehama kutoka nyuma ya "sea" ikakaa mbele yake. Basi, kishazi kimekuwa kirai, yaani fungu la maneno lisilo na kiima na kitenzi chake. Jizoeze kugeuza hivyo kwenda na kurudi: "although the forest is small" iwe "despite its small size", "although he was tired" iwe "despite being tired" au "despite his tiredness".

Kiswahili kitakusaidia, kisha kitakutega. "Licha ya mvua" ni "despite the rain", hapana tabu. Tabu huja na "licha ya kuwa mvua ilikuwa ikinyesha". Sisi baada ya "kuwa" tunaweza kutia sentensi nzima, na mkono uliozoea hivyo huandika "Despite that it was raining". Kiingereza hakikubali. Sema "although it was raining", au "despite the rain". Ipo pia "despite the fact that it was raining", ni sahihi, lakini ndefu bila faida. Mimi nikiikuta aghalabu huikata.

Na hakuna "despite of". Hiyo "of" ni ya "in spite of" peke yake.

Hatua ya 3: Futa "but"

"Although the hotel is old, but it is clean."

Kwetu "ingawa hoteli ni kongwe, lakini ni safi" husemwa kila siku na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kimoja tu: ama "although", ama "but". Ukishamaliza kuandika, upitie ukurasa wako ukitafuta hilo tu.

Hatua ya 4: Amua lipi libebe uzito

Kilicho nje ya kishazi cha "ingawa" ndicho anachoondoka nacho msomaji, hasa kikija mwisho. Linganisha:

"Although part of it collapsed in December 2020, visitors still photograph the House of Wonders."

"Although visitors still photograph the House of Wonders, part of it collapsed in December 2020."

Zote ni kweli kuhusu Beit al-Ajaib, ndiyo hiyo House of Wonders. Ya kwanza itie kwenye kipeperushi. Ya pili iweke kwenye barua ya kuomba fedha za ukarabati. Nimeona tangazo la chumba lenye "Although it has a sea view, the room is small", na mwenye nyumba anashangaa kwa nini hapati wageni.

Hatua ya 5: Mtafute mwenye "-ing"

"Despite being over a hundred years old, tourists love this door."

Nani ana zaidi ya miaka mia hapo? Kwa sentensi hii ni watalii. Kiima kinachokuja baada ya mkato ndicho mwenye "being", kwa hiyo mlango uje kwanza: "Despite being over a hundred years old, this door still charms tourists."

Hatua ya 6: Alama, na mambo madogo

Kirai au kishazi kikitangulia, tia mkato kinapoishia. Kikija nyuma, mara nyingi mkato hauhitajiki: "The boat left despite the rough sea."

"However" isikae baina ya sentensi mbili kwa mkato peke yake. Kabla yake weka nukta au nukta-mkato, na baada yake mkato: "The room is small. However, it has a sea view."

Mwisho, "even though" ni ya jambo lililopo au lililokwisha kutokea, na "even if" ni ya linaloweza kutokea. Ukitangaza matembezi andika "even if it rains". Mgeni akisoma "even though it rains" kwenye tangazo la Januari, katikati ya kaskazi, majira ya joto na ukavu, atadhani mvua nayo imo kwenye ratiba.