Mzee akipasuliwa kwa ganzi ya mgongo: namna ya kulinda akili yake

Familia nyingi hushusha pumzi zikisikia mzee wao atachomwa ganzi ya mgongo badala ya kulazwa usingizi. Kwa upande wa akili, nafuu yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Majaribio makubwa kwa wazee waliovunjika nyonga, yaliyotangazwa 2021 na 2022, yalikuta kuchanganyikiwa baada ya upasuaji kunakaribiana kwa njia zote mbili. Jeraha lenyewe huamsha kinga ya mwili, na msukosuko wake hufika hadi kwenye ubongo.

Anza siku kadhaa kabla. Mtajie mzee maneno matatu, mwambie achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, halafu muulize yale maneno, kisha ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Andika alichoweza, na tarehe. Orodhesha dawa zote anazotumia, na pombe pia bila kuona haya: mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla huweza kuanza kuweweseka siku ya pili au ya tatu.

Muulize daktari wa usingizi: pamoja na ganzi, atapewa dawa ya kumtuliza? Hapa ndipo wengi hawaulizi. Diazepamu na midazolamu (za kutuliza), promethazini (ya mzio) na petidini (ya maumivu) huvuruga akili ya mzee kwa urahisi, hivyo omba ziepukwe inapowezekana.

Akitoka chumba cha upasuaji, avae miwani na kifaa chake cha kusikia mara moja. Dawa ya maumivu aipate kwa saa zake, asingoje mpaka alalamike. Usiku taa zipunguzwe, mchana aketishwe na atembezwe mara wauguzi wakiruhusu. Angalia mkojo: ganzi ya mgongo huweza kuuzuia, na mzee ambaye kibofu kimejaa huhangaika, huvua nguo, huvuta mipira ya dripu, watu wakadhani akili imeruka.

Kila siku, hasa siku tatu za mwanzo, ataje tena miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Asipofikisha miezi 7 ilhali kabla aliweza, mwite muuguzi. Anayepiga kelele huonekana; anayesinzia mchana kutwa na kujibu kwa kuchelewa ndiye hupitwa, naye yumo hatarini vilevile. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hiyo ni dharura ya kiharusi.

Nyumbani, rudia kile kipimo cha saa na maneno. Usahaulifu ukiendelea kupita siku 30, mpeleke kliniki na matokeo yote mawili.