Somo: Kusoma takwimu za mpinzani kwenye poka ya mtandaoni kabla hujaweka dau

Habari zenu wakuu. Wengi mmeshaweka programu ya takwimu, vinamba vinaonekana pembeni ya kila jina mezani, lakini pesa bado inaondoka. Shida ninayoiona ni moja: namba inasomwa kama amri. Mifano yangu ni ya Texas Hold'em, meza za watu 6, blaindi (dau mbili za lazima, ndogo na kubwa) senti 5 na 10 za dola, maana ndiko ninakocheza kila siku.

Hatua ya 1. Soma masharti ya tovuti yako kwanza. GGPoker, kwa mfano, hairuhusu programu za nje kama PokerTracker. Ina takwimu zake yenyewe ndani. Akaunti ikifungiwa na pesa imo, ni maumivu.

Hatua ya 2. Anza na namba mbili tu. VPIP ni asilimia ya mikono (kila mgao wa karata ni mkono mmoja) ambayo mtu ameingiza pesa kwa hiari yake. Blaindi aliyolazimika kuweka haihesabiwi. PFR ni asilimia ya mikono aliyopandisha dau kabla ya flopu (karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani). Tazama pengo lililopo kati yake. Mwenye 23/19 (VPIP 23, PFR 19) akiingia, mara nyingi anaingia kwa kupandisha; huyo ana mpango. Mwenye 48/7 anafuata karibu kila kitu, anataka kuona karata. Mwenye 11/9 anasubiri karata nzito, kwa hiyo akikupandishia, mpishe, tupa karata zako.

Hatua ya 3. Uliza namba imetokana na nafasi ngapi. Hapa ndipo nilipoumia. Niliona mtu ana 33% ya kupandisha juu ya aliyepandisha, nikasema huyu anapiga mkwara (anajifanya ana karata nzuri), nikasukuma dola 10 zote nikiwa na ree na 9. Alikuwa na K mbili. Nilipofungua takwimu zake baadaye, ile 33% ilikuwa mara 1 kati ya nafasi 3! VPIP na PFR huanza kueleweka ukishamwona mtu kwa mikono kama 100. Hiyo ya kupandisha juu ya aliyepandisha inataka mikono mamia kadhaa, na za riva (karata ya tano, ya mwisho mezani) zinataka zaidi ya hapo, kwa sababu nafasi zake huja kwa nadra.

Hatua ya 4. Linganisha namba na bei ya dau lako. Ukipiga mkwara, chukua dau, gawanya kwa jumla ya dau na poti (pesa iliyokwisha kuwekwa katikati). Nusu ya poti inahitaji mpinzani atupe karata zaidi ya 33%. Theluthi mbili, 40%. Poti nzima, 50%.

Tuuone mkono mmoja. Niko kwenye batani (nafasi ya anayecheza wa mwisho baada ya flopu) na ree na 5 za kopa, napandisha hadi senti 25. Blaindi ndogo anatupa, blaindi kubwa anafuata. Poti senti 55. Flopu: K ya shupaza, 8 ya uru, 3 ya pau. Anapita, yaani haweki dau. Mkono umenitoka, na kidole kinawasha kuweka nusu ya poti. Natazama: 48/7, na akiwekewa dau kwenye flopu hutupa 28%, yaani mara 7 kati ya 25. Nafasi 25 si nyingi, nakubali, ila zinakwenda njia moja na ile 48/7: mtu anayefuata kila kitu haachii kirahisi. Nahitaji 33, yeye ananipa 28. Napita.

Mtu huyohuyo, ningekuwa na ree na K, ningeweka dau flopu, na karata ya nne, na riva, tena makubwa. Tabia ileile inayoua mkwara ndiyo inayolipa mkono mzuri. Na angekuwa ni mtu anayetupa 58%, ningeweka nusu ya poti hata kwa karata zile tupu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi natumia simu, vinamba havipo. Nifanyeje?*
Hesabu kwa macho, ndugu yangu. Chagua mtu mmoja, mikono 20. Ameingia mara ngapi, na kati ya hizo amepandisha ngapi? Akiingia 10 bila kupandisha hata mara moja, umeshajua usimpigie mkwara. Liandike kwenye sehemu ya kumbukumbu ya jina lake.

*AF ni nini? Mwenye AF ya 4 akiweka dau la poti nzima riva, nimfuate?*
AF ni idadi ya mara alizoweka au kupandisha dau baada ya flopu, ukigawa kwa mara alizofuata. Kwa dau la poti nzima unahitaji kushinda zaidi ya mara 1 kati ya 3. Ila isome pamoja na VPIP: mwenye VPIP 11 anaweza kuwa na AF ya 4 kwa sababu anaingia na karata nzito tu. Huyo simfuati kwa jozi moja. Na mwenye AF chini ya 1 akikupandishia ghafla riva, tupa.

*Takwimu za mashindano naweza kuzitumia kwenye meza za pesa?*
Zitenganishe, mkuu. Mtu aliyebakiwa na chipu za blaindi kubwa 10 tu kwenye mashindano anasukuma zote au anatupa, na PFR yake inapanda kwa sababu hiyo. Ukikutana naye kwenye meza ya pesa akiwa na blaindi 100, chuja ubaki na mikono ya meza za pesa tu, hata kama ni 40.