Jinsi ya Kununua Leseni ya Uvuvi au Uwindaji Marekani na Kujua Fedha Zake Zinakokwenda

Nchini Marekani leseni ya kuvua au kuwinda kwa kawaida hutolewa na jimbo, si na serikali ya shirikisho. Kwa hiyo anza kwa kutafuta tovuti rasmi ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo unalokusudia kuvua au kuwinda. Nunua kwa idara hiyo yenyewe au kwa duka lililoidhinishwa nayo, kwa kuwa zipo tovuti za watu binafsi zinazodai ada ya ziada kwa kukujazia fomu ambayo ungeweza kuijaza mwenyewe, na ada hiyo haihifadhi kiumbe chochote.

Mkazi wa jimbo hulipa kidogo kuliko mgeni, wakati mwingine kwa tofauti kubwa sana, lakini kila jimbo lina kipimo chake cha muda ambao mtu anapaswa kuwa ameishi humo ili ahesabiwe kuwa mkazi. Hakikisha umetimiza muda huo kabla ya kujiandikisha hivyo, maana kudanganya juu ya ukazi ni kosa. Utaombwa pia namba ya Hifadhi ya Jamii, jambo linalowatia wasiwasi wahamiaji wengi. Sababu ya kuombwa namba hiyo ni kwamba sheria ya shirikisho inayohusu matunzo ya watoto inayataka majimbo kuiandika namba hiyo katika maombi ya leseni za burudani. Anayetaka kuwinda kwa kawaida hutakiwa kwanza kuhudhuria mafunzo ya usalama wa mwindaji, na mafunzo hayo yenyewe hulipiwa kwa sehemu na mfuko nitakaoueleza sasa.

Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kwa majina ya Pittman na Robertson, iliyoelekeza ushuru wa bidhaa unaotozwa bunduki na risasi kwenye urejeshaji wa wanyamapori. Pinde na mishale viliongezwa baadaye. Ushuru huo ni asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na asilimia 10 kwa bastola. Mwaka 1950 ikafuata sheria ya Dingell na Johnson, iliyofanya vivyo hivyo kwa zana za uvuvi, na mwaka 1984 ikapanuliwa ili kuingiza ushuru wa mafuta ya boti. Ushuru huu hulipwa na mtengenezaji au mwagizaji na kufichwa ndani ya bei, ndiyo maana mnunuzi wa ndoano na mshipi hauoni kwenye risiti yake.

Hapa ndipo leseni yako inapopata uzito usiolingana na bei yake. Kwa kawaida serikali ya shirikisho hugharimia hadi asilimia 75 ya mradi ulioidhinishwa, na jimbo hutakiwa kutoa asilimia 25 iliyobaki, ambayo mara nyingi hutoka kwenye ada za leseni. Chukua mfano wa jimbo linalotaka kufufua kinamasi kwa dola 100,000: likitoa dola 25,000 za leseni, linaweza kurudishiwa 75,000 kutoka kwenye ushuru ule, ikiwa na maana kwamba kila dola ya leseni imevuta dola tatu. Zaidi ya hayo, idadi ya wenye leseni huingia katika kanuni ya mgao. Kwa wanyamapori, nusu ya fedha hufuata ukubwa wa jimbo na nusu hufuata idadi ya watu waliolipia leseni za uwindaji. Kwa samaki, asilimia 40 hufuata eneo na asilimia 60 hufuata idadi ya waliolipia leseni za uvuvi. Mtu mmoja huhesabiwa mara moja tu hata akiwa na leseni kadhaa za aina moja, lakini anayevua bila leseni hahesabiwi kabisa. Kwa maoni yangu, hasara hiyo kwa jimbo ni kubwa kuliko ile ada aliyoikwepa.

Sheria hizo pia zinalibana jimbo: ili lipate mgao, ni lazima liwe limekataza kwa sheria yake lenyewe ada za leseni kutumika nje ya shughuli za idara ya samaki na wanyamapori. Barabara na mishahara ya walimu, hata viwe na haja gani, haviguswi na fedha hizi.

Ukikusudia kuwinda bata na una umri wa miaka 16 au zaidi, ongeza stempu ya bata ya shirikisho, iliyoanzishwa mwaka 1934 na inayouzwa kwa dola 25. Takriban senti 98 za kila dola ya stempu hiyo hutumika kupata ardhi oevu kwa ajili ya hifadhi za taifa za wanyamapori, na asiyewinda anaweza kuinunua pia. Humwingiza bure katika hifadhi hizo zinazotoza kiingilio.

Ili kufuatilia matumizi, soma ripoti ya mwaka ya idara ya jimbo lako, na uangalie mabango kwenye sehemu za kuteremshia boti na vituo vya kutotolea samaki, ambako nembo za mifuko ya sheria zile mbili, ya wanyamapori na ya samaki, huwekwa. Mikutano ya tume zinazosimamia idara hizi kwa kawaida huwa wazi kwa umma, na mwananchi anaweza kutoa maoni kabla ya kanuni mpya kupitishwa.

Mpango huu umesaidia sana kurejesha kulungu wa mkia mweupe na bata mzinga wa mwituni, lakini wanyama wasiowindwa, kama vyura na ndege wengi wadogo, hupata sehemu ndogo. Missouri ilijaribu kuziba pengo hilo mwaka 1976, wapiga kura walipokubali kodi ya mauzo ya sehemu moja kwa nane ya asilimia moja kwa ajili ya uhifadhi. Katika majimbo mengine mengi, fomu ya kodi ya mapato ya jimbo ina kisanduku cha kuchangia wanyama hao, nacho hujazwa unapowasilisha hesabu zako za mwaka.