Nyuzi nano zinazovutika: kabla ya kugusa volti, pima unyevu

Nimetoka kumsaidia mwanafunzi wa masters anayefanya electrospinning (kuvuta nyuzi nyembamba kutoka kwenye plastiki iliyoyeyushwa kwa kimiminika, kwa nguvu ya umeme wa volti kubwa) aliyekuwa anapata matonematone badala ya nyuzi, na swali la kwa nini hivyo linarudi kila mara, basi naandika. Tunaongelea nyuzi zenye unene chini ya mikromita moja, za kufunikia kidonda au kubebea sensa za ngozi bandia.

1. Mchanganyiko: TPU (plastiki inayovutika kama mpira) asilimia 12 kwa uzito, ndani ya viyeyushi DMF na THF nusu kwa nusu, koroga usiku kucha. Fanyia ndani ya hudi (kabati la maabara linalovuta mvuke wa kemikali) na glavu vaa, DMF inapenya ngozi na inaumiza ini.

2. Sirinji, sindano butu ya geji 21, pampu mililita 1 kwa saa, foili iliyounganishwa na ethi sentimita 15 mbele ya kukusanyia nyuzi, kilovolti 15 kwenye sindano. Zima umeme kabla hujagusa chochote.

3. Unyevu wa hewa. Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima wakizungusha kitufe cha volti bure. TPU haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hewa ikiwa na mvuke mwingi TPU inaganda pale pale kwenye ncha ya sindano na kuziba, halafu DMF yenyewe haikauki haraka, nyuzi zinafika kwenye foili bado mbichi zinagandana. Lenga asilimia 30 mpaka 50. Dar au Mombasa hiyo huipati kwa kufungua dirisha, weka silika jeli ndani ya boksi la mtambo, au washa AC mapema ila upepo wake usipige sindano maana utapeperusha nyuzi. Na kipimo kiweke karibu na sindano, cha ukutani kinakudanganya. Unyevu ukiwa sawa na bado unaona shanga kwenye nyuzi, mchanganyiko ni mwepesi, ongeza TPU asilimia moja moja, volti iache.

4. Kinga nyuzi kwenye slaidi ya kioo dakika moja, angalia kwa hadubini, ndiyo uendelee.

5. Pipa la kasi (linalozunguka na kukusanya nyuzi badala ya foili) silipendi kwa kazi ya kidonda, linalaza nyuzi upande mmoja wakati ngozi inavutwa pande zote. Foili bapa inatosha.

6. Kausha kwenye vakyumu usiku kucha, DMF iliyobaki inaua seli. Ukitaka utando unaovunjika wenyewe mwilini tumia PCL, plastiki nyingine, ila ikivutwa hairudi vizuri kama TPU, na joto la sentigredi 60 linaiyeyusha, kwa hiyo otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wa moto) sahau, isafishe kwa ethanoli asilimia 70.