Ukiwa Wales na mtu akakuuliza "Paned?"

Ukihamia Wales kwa kazi ya uuguzi, masomo au kumfuata mwenza, neno hili litakufikia mapema. Kwa Kiwelisi, lugha ya wenyeji, paned ni kikombe cha kinywaji cha moto, aghalabu chai. Kaskazini-magharibi, pande za Gwynedd na Anglesey, hutamkwa "panad". Kusini wengi husema "dishgled". Fuata majirani zako.

Anayekuuliza hivyo anataka uketi mzungumze. Fundi bomba huulizwa, mgeni huulizwa, mfiwa huulizwa. (Chai hii haina bahasha.) Ukiitaka, sema "plîs"; usipoitaka, "dim diolch", na ile ch ya mwisho ni kh ya "kheri", kwa hiyo watu wa Pwani hawatapata taabu.

Kwetu ukikaribishwa chai hukosi mkate, mihogo au vitumbua. Huku huenda ikawa biskuti tu, basi usiende na njaa. Ukibahatika utakuta bara brith, mkate mtamu wa matunda makavu yaliyolowekwa kwenye chai. Chai yenyewe haichemshwi na maziwa sufuriani: kifuko cha majani huwekwa kikombeni, yakamiminwa maji ya moto, maziwa yakafuata. Maziwa ni "llaeth" kusini na "llefrith" kaskazini. Bila sukari ni "dim siwgr". Majani huenda yametoka Kericho, maana Kenya huiuzia Uingereza chai nyingi. Iliki na tangawizi jitafutie mwenyewe.

Kazini, anayeinuka kwenda kuchemsha maji huwauliza wenzake wote. Ukijitengenezea peke yako kila siku hawatakwambia kitu, ila watakuwa wameona.

Ukitaka kujifunza Kiwelisi, anza na "paned o de". Chai ni "te", lakini hapo t imegeuka d. Sisi tunaosema mti mrefu na nguo ndefu hatuna haja ya kushangaa. Kisha uliza maktaba ya mtaani kwako kuhusu "paned a sgwrs" (w hiyo isome u), vikao vya wanafunzi wa lugha kunywa chai na kuongea. Sensa ya 2021 ilipata wazungumzaji kama 538,000, na serikali ya Wales inataka wafike milioni moja ifikapo 2050, hivyo mgeni anayejaribu hupokewa vizuri. Ukikwama kidogo watahamia Kiingereza kwa wema wao. Waambie "Cymraeg, plîs" (Kiwelisi, tafadhali), nao watarudi.