Somo: Kampuni ya madini ikija kuomba ridhaa ya Batwa

Nawaandikia ndugu wa teritware za Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda, huku Kivu Kusini, Kongo, wanakoishi Batwa, watu wa asili wa misitu, pamoja na sisi wa Bukavu tunaoitwa kutafsiri mikutano. Ridhaa ya kweli hutolewa kabla ya mashine kufika, bila vitisho, na watu wakiwa wameelewa. Likikosekana moja, hakuna ridhaa.

Hatua ya 1: Ulizeni kibali. Cha utafiti hudumu miaka 5, cha uchimbaji miaka 25. Kadastre ya Migodi (CAMI), ofisi ya Serikali inayosajili vibali, ina ramani kwenye intaneti yenye maeneo yaliyotolewa na majina ya wenye vibali. Kijana mwenye simu aifungue palepale. Jina lisipolingana, mkutano usimame mpaka wageni waeleze wametumwa na nani.

Hatua ya 2: Tenganisheni mambo mawili. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa 2018, inaidai kampuni daftari la majukumu (cahier des charges), yaani ahadi zake kwa jamii zilizoandikwa, na angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Batwa na Bambuti, pamoja na haki yao kwenye ardhi wanayoitumia tangu mababu. Daftari la majukumu linapangia mgodi ambao tayari umekubaliwa. Nasikitika kuona watu wakijadili shule na zahanati wakati hakuna aliyewauliza Batwa kama wanautaka huo mgodi.

Hatua ya 3: Orodha ya mahudhurio. Hapa ndipo watu huumizwa zaidi. Karatasi inazungushwa, kila mtu anaweka jina au dole gumba, anapewa pesa ya nauli na soda. Baadaye karatasi hiyohiyo inaweza kubandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilikubali. Kwa hiyo, kabla ya mtu wa kwanza kusaini, andikeni juu ya kila ukurasa: «Tumehudhuria kusikiliza tu. Hatujakubali lolote.» Pigeni picha kurasa zote. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti na mtu wa kwao, si mfanyakazi wa kampuni. Wakizuia maneno hayo yasiandikwe, msisaini.

Hatua ya 4: Ombeni muda. Utafiti wa athari kwa mazingira na jamii huandikwa kwa Kifaransa kizito. Daini uelezwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, iwe Mashi, Kitembo au Kirega. Ulizeni maji machafu yatakwenda mto gani, na itakuwaje kwa makaburi, mizinga ya asali na miti ya dawa.

Maswali ya wanachama

Yaya, mwami (chifu wa kimila) ameshasaini. Tumefungwa?
Hapana, ndugu yangu. Mwami namheshimu, lakini Batwa wengi wanaishi chini ya machifu wasio wa kwao, na sahihi ya chifu haithibitishi kwamba wao waliulizwa. Andikeni barua kwa msimamizi wa teritware, nakala kwa gavana na CAMI. Kila nakala mnayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Madini ni ya Serikali. Tukikataa, neno letu lina uzito gani?
Ni kweli, Serikali inaweza kutoa kibali. Lakini kampuni kubwa hukopa. Inayokopa kwa IFC, tawi la Benki ya Dunia, inafungwa na Kanuni ya 7 ya mwaka 2012: mradi ukigusa ardhi ya kimila ya watu wa asili au ukitaka kuwahamisha, lazima ridhaa yao ipatikane. Kwa hiyo ulizeni pesa za mgodi zinatoka wapi, kisha mpelekeeni huyo mkopeshaji barua yenu.

Kwetu mama hawasemi mbele ya wazee.
Mama, ombeni mkutano wenu peke yenu, mwandishi wake awe mwanamke, na maneno yenu yaingie kwenye ripoti kabla wazee hawajasaini. Ninyi ndio mnaochota maji ya ule mto.